Mfalme Faisal na Mkutano wa Wakuu: Maisha ya Mtu Aliyewaketisha Wafalme na Marais Meza Moja



Kila viongozi wa nchi za Kiislamu wanapokutana kuzungumzia Palestina, mjadala wa hosteli huwa ni ule ule. Mmoja anasema afadhali wamekutana. Mwingine anajibu kwamba watapiga picha, watasoma tamko, kisha kila mmoja atapanda ndege yake. Badala ya kuongeza kauli yangu katika mjadala huo, nimeona niandike maisha ya mtu ambaye, kuliko mwingine yeyote, aliufanya mkutano wa wakuu wa nchi kuwa ndio mahali pa kuamulia mambo ya Umma. Tumezoea kudhani kuwa ndivyo ilivyokuwa siku zote. Sivyo. Jambo hili lina umri wa babu zetu tu, na lina mtu wake. Mtu huyo ni Faisal bin Abdulaziz, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Maneno yake sitayanukuu. Mengi yanayozunguka kwenye simu zetu yamebandikwa jina lake na hakuna ajuaye yalitoka wapi. Matendo yake yanatosha.

Faisal alizaliwa Riyadh mwaka 1906. Wakati huo Saudi Arabia haikuwapo. Baba yake, Abdulaziz, alikuwa ameuteka mji wa Riyadh miaka minne tu nyuma na alikuwa bado akipigania vijiji na visima. Mama yake, Tarfa, alitoka katika ukoo wa Aal ash-Sheikh, kizazi cha Sheikh Muhammad bin Abdulwahhab. Alifariki Faisal akiwa mtoto mchanga, na kijana akalelewa na babu yake mzaa mama, Sheikh Abdullah bin Abdullatif, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Najd. Kwa hiyo huyu hakukulia kwenye hema la wapiganaji peke yake; alikulia kwenye nyumba ya darsa, akahifadhi Qur'ani na kusoma fiqhi kwa babu yake. Jambo hili lishike, tutalirudia, kwa sababu baadaye mtoto huyu wa nyumba ya wanazuoni ndiye aliyewapa watawala nafasi ambayo wanazuoni walidhani ni yao.

Mwaka 1919, akiwa na umri wa takriban miaka 13, baba yake alimtuma London kwa niaba yake. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, na Uingereza iliwaalika wakuu wa Arabuni. Mtoto wa Najd akakutana na Mfalme George wa Tano, kisha akapelekwa kuviona viwanja vya vita barani, ambako ardhi ilikuwa bado imechimbuka kwa mizinga. Fikiria wewe ulikuwa darasa gani ukiwa na miaka 13. Alichojifunza hasa hatukijui, lakini tangu hapo kazi yake ikawa moja: kuwaendea wageni na kusema kwa niaba ya wengine.

Mwaka 1924 Uturuki iliufuta ukhalifa. Sisi tunausoma mwaka huo kama tarehe ya mtihani, lakini kwa watu wa wakati ule lilikuwa jambo la kuumiza kichwa kila siku. Nani sasa aseme kwa niaba ya Waislamu? Nani aamue kuhusu Makkah na Madina? Katika kitabu cha al-Mawardi tunakutana na watu wanaoitwa ahlul-halli wal-aqdi, wenye kufunga na kufungua mambo ya Umma. Walikuwa wapi?

Jibu la kwanza lilitolewa Makkah penyewe. Abdulaziz alikuwa ameitwaa Hijaz, na mwaka 1926 aliita kongamano la Waislamu wa dunia. Hebu tazama nani walikuja. Baadhi walitumwa na serikali, kama za Uturuki, Misri na Afghanistan. Lakini wengi walitoka kwenye vyama na jumuiya za wanazuoni: Kamati ya Khilafa ya India, wanazuoni wa India, watu wa Java, na Mufti Rizaeddin kutoka Ufa aliyewawakilisha Waislamu waliokuwa chini ya Urusi ya kikomunisti. Sehemu kubwa ya Waislamu wakati ule ilitawaliwa na wakoloni, hivyo hawangeweza kuwakilishwa na marais; marais hawakuwapo. Waliwakilishwa na masheikh, waandishi na viongozi wa vyama. Waliokaa pale walibishana kweli kweli, hata na mwenyeji wao, kuhusu nani aitawale Hijaz na makaburi yaliyovunjwa. Waliagana kwamba watakutana kila mwaka. Hawakukutana tena Makkah.

Mwaka ule ule Faisal, akiwa kijana wa miaka 20, alifanywa naibu wa baba yake katika Hijaz, na akawa mkuu wa baraza la shura la Makkah. Kwa hiyo alikuwapo. Aliliona kongamano la watu wasiokuwa na dola, na aliona lilivyokwisha: maneno mazito, maazimio mazuri, na hakuna wa kuyatekeleza kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hazina wala jeshi. Mwaka 1931 lilifanyika kongamano jingine Quds, chini ya Mufti Amin al-Husayni. Nalo lilikuwa la wanazuoni na wanaharakati, na nalo halikuacha chombo chenye nguvu.

Mwaka 1930 Faisal alifanywa waziri wa mambo ya nje, kazi aliyoishika, ukiondoa kipindi kifupi, hadi siku ya kufa kwake. Alikwenda Moscow mwaka 1932. Aliongoza jeshi kwenye pwani ya Yemen mwaka 1934. Mwaka 1945 aliongoza ujumbe wa nchi yake San Francisco na akatia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Na mwaka huo huo, Machi, Cairo ilizaliwa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu.

Hapa pana jambo la kisheria ambalo wanafunzi wenzangu wengi hawalijui, na bila kulijua hutaelewa kitu. Mkataba wa Jumuiya ile, ibara ya saba, ulisema kwamba uamuzi uliopitishwa kwa kauli moja unazifunga nchi zote. Uamuzi uliopitishwa kwa wingi wa kura unazifunga zile tu zilizoukubali. Yaani ukikataa, haukuhusu. Jumuiya haikuwa juu ya nchi. Ilikuwa mkeka ambao kila nchi ingeweza kuinuka wakati wowote. Tena waliokalia mkeka huo walikuwa mawaziri na mabalozi, watu ambao kila neno zito iliwabidi kwanza wapeleke simu ya maandishi nyumbani kuuliza.

Novemba 29, 1947, Faisal alikuwa New York wakati Baraza Kuu lilipopiga kura kuigawa Palestina. Nchi 33 ziliunga mkono, 13 zilipinga, 10 hazikuchagua upande. Wajumbe wa Kiarabu walikuwa na hoja. Walikuwa pia na jumuiya yao, changa ya miaka miwili. Havikusaidia. Wanaoandika maisha yake wanakubaliana kwamba kura ile hakuisahau.

Nitapita haraka kwenye miaka iliyofuata, maana ina habari nyingi za ndani ya nyumba ya kifalme ambazo si mada yetu. Abdulaziz alifariki Novemba 1953, Saud akawa mfalme, Faisal akawa mrithi. Hazina ilikauka, na mwaka 1958 Faisal akapewa madaraka ya kuiendesha serikali na kuziba matobo. Ndugu hawa wawili walivutana, Faisal akaondoka, akarudi mwaka 1962. Novemba mwaka huo alitangaza mpango wake wa mageuzi, na ndani yake utumwa ukapigwa marufuku. Shule za wasichana pia ni sehemu ya habari yake. Mkewe, Iffat, alikuwa ameanzisha shule Jeddah katikati ya miaka ya 1950, na serikali ilipofungua shule za wasichana kuna miji iliyopinga, naye hakurudi nyuma. Novemba 2, 1964, Saud aliondolewa kwa uamuzi wa wakubwa wa ukoo na fatwa ya wanazuoni, na Faisal akawa mfalme.

Ona jambo hilo la fatwa. Ndani ya nchi, wanazuoni walikuwa bado wana neno. Na mwaka 1962 ilikuwa imeanzishwa Makkah Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, ambayo baraza lake lilikuwa la wanazuoni na watu mashuhuri kutoka nchi mbalimbali, kwa mtindo unaofanana na lile kongamano la 1926. Faisal angeweza kusema hiki kinatosha. Hakusema hivyo. Kuanzia Desemba 1965 alifunga safari moja baada ya nyingine: Iran, Jordan, Sudan, Pakistan, Uturuki, Morocco, Guinea, Mali, Tunisia. Kila alikofika alizungumza na mkuu wa nchi mwenyewe, na ombi lake lilikuwa moja: wakuu wa nchi za Kiislamu wakutane wao wenyewe, si mawaziri wao.

Jamal Abdul Nasser wa Misri aliona mtego. Yeye alikuwa na umoja wake, wa Uarabu, na kwake mpango wa Faisal ulikuwa njama ya wafalme wenye urafiki na Magharibi. Tusiwe wepesi wa kumbeza Nasser. Ni kweli kwamba Faisal aliuogopa ujamaa na ukomunisti, na ni kweli kwamba wawili hawa walikuwa wanapigana Yemen, mmoja akiwa na majeshi yake kule na mwingine akiwapa fedha wafuasi wa imamu aliyepinduliwa. Waislamu waliuana Yemen kwa miaka mitano huku viongozi wawili wakigombania nani ni msemaji wa Waarabu. Habari hii husahauliwa sana katika makala za kumsifu.

Kisha ikaja Juni 1967. Kwa siku sita Quds Mashariki ikachukuliwa, pamoja na Ukingo wa Magharibi, Gaza, Sinai na Golan. Mwisho wa Agosti wakuu wa nchi za Kiarabu walikutana Khartoum. Mkutano huu unakumbukwa kwa zile hapana tatu kuhusu Israel. Mimi ninaukumbuka kwa mambo mawili mengine. La kwanza, Faisal na Nasser walikaa nyumbani kwa waziri mkuu wa Sudan, Muhammad Ahmad Mahjub, wakamaliza habari ya Yemen, na kabla ya mwaka kwisha jeshi la Misri likawa limeondoka. La pili, wenye mafuta walikubali kuwalipa waliovunjika: Kuwait pauni milioni 55 kwa mwaka, Saudi Arabia milioni 50, Libya milioni 30, fedha hizo ziende Misri na Jordan. Mawaziri wangejadili jambo kama hilo kwa miaka. Wafalme na marais walilimaliza kwa siku nne, kwa sababu mwenye ufunguo wa hazina alikuwa amekaa pale pale, hakuwa na wa kumuuliza.

Nadhani hapo ndipo wazo la Faisal lilipothibitika, hata kwa wapinzani wake.

Agosti 21, 1969, Msikiti wa Al-Aqsa ulichomwa moto. Aliyeuchoma alikuwa Mwaustralia, na moto uliteketeza mimbari ya kale iliyoletwa na Salahuddin. Ndani ya siku chache mawaziri wa nchi za Kiarabu walikutana Cairo, na wakaziachia Saudi Arabia na Morocco kazi ya kuandaa mkutano wa wakuu wa nchi zote za Kiislamu. Jambo ambalo Faisal alilizungukia nchi tisa kwa maneno lilikubaliwa kwa sababu ya moto. Septemba 22 wakakutana Rabat, chini ya uenyeji wa Mfalme Hassan wa Pili. Nasser alikuwa mgonjwa, akamtuma Anwar Sadat.

Rabat ndiko mambo yote mawili yalionekana kwa wakati mmoja, uzuri na ubaya wake. Ujumbe wa India ulikuwa umealikwa, ukafika. Rais Yahya Khan wa Pakistan akakataa kuingia ukumbini kama India imo. Mkutano ukasimama. Mwishowe ujumbe wa India ukaachwa nje, na tangu siku hiyo India haijawa mwanachama. India ilikuwa na Waislamu makumi ya mamilioni, wengi kuliko nchi nyingi zilizokuwa ndani ya ukumbi zikiwekwa pamoja. Kumbuka kongamano la 1926: Waislamu wa India ndio waliokuwa na sauti kubwa pale Makkah. Walikuwa hawana dola, lakini walikuwa na viti. Miaka 43 baadaye, kwa kuwa sasa kiti ni cha mkuu wa nchi, rais mmoja alitosha kuwafungia mlango wote. Simsemei Pakistan wala India; ugomvi wao wa Kashmir una watu wake. Nasema tu kwamba mtindo wenyewe ndivyo ulivyo.

Machi 1970 mawaziri wa mambo ya nje walikutana Jeddah na kuunda sekretarieti. Katibu mkuu wa kwanza akawa Tunku Abdul Rahman, aliyekuwa waziri mkuu wa Malaysia. Makao yakawekwa Jeddah kwa muda, mpaka Quds itakapokombolewa. Mwaka 1972 ukapitishwa mkataba, na humo chombo cha juu kabisa kikawa mkutano wa wafalme na wakuu wa nchi. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa OIC. Mkataba haukuweka bunge lenye nguvu wala jeshi la pamoja. Haukuweka pia njia ya kumlazimisha mwanachama kutekeleza alichotilia saini. Kila kitu kilitundikwa kwenye nia ya wakuu.

Wasomaji wa siasa watasema hili si la Waislamu peke yao, na ni kweli. Desemba 1974 wakuu wa nchi tisa za Jumuiya ya Ulaya walikubaliana Paris kukutana mara kwa mara, na baraza lao likaja kuwa na neno kubwa kuliko tume ya Brussels. Kwetu hapa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 iliwekwa chini ya mamlaka ya marais watatu. Idi Amin alipopindua serikali Januari 1971, Nyerere alikataa kukaa naye, na marais watatu hawakukutana tena. Reli, bandari, posta na ndege viliendelea kwa muda kwa juhudi za mawaziri na watumishi, kisha mwaka 1977 nyumba ikaanguka. Wazee wetu waliofanya kazi reli wanajua maana ya uamuzi wa pamoja kutegemea watu watatu kusalimiana.

Novemba 1972 Faisal alikuja Uganda. Ilikuwa sehemu ya ziara yake ya Afrika iliyompeleka pia Chad, Niger, Senegal na Mauritania. Mapema mwaka huo Amin alikuwa amewafukuza Waisraeli, na Faisal alikuwa akiitafuta Afrika. Waislamu wa Uganda wa wakati ule walikuwa nyuma katika shule kuliko majirani zao. Shule nzuri zilikuwa za misheni, na wazazi wengi waliogopa watoto kubadilishwa dini. Mfalme wa Makkah kutua Entebbe lilikuwa jambo kubwa. Lakini mwenyeji wake alikuwa Amin, na mwaka huo huo Waasia, Waislamu wakiwemo, Maismailia na wengineo, walikuwa wamepewa siku 90 kuondoka. Mkutano wa wakuu hauchagui mkuu. Anayeshika ikulu ndiye anayekaa kitini, awe mwadilifu au la.

Oktoba 1973, mwezi 10 Ramadhani, Misri na Syria ziliingia vitani. Oktoba 17 mawaziri wa mafuta wa Kiarabu waliamua Kuwait kupunguza uzalishaji kwa asilimia 5 kila mwezi. Faisal alisita mwanzoni. Alikuwa rafiki wa Marekani kwa miaka mingi. Oktoba 19 Rais Nixon aliliomba bunge lake dola bilioni 2.2 za msaada kwa Israel. Siku iliyofuata Faisal alikata mafuta yote kwa Marekani. Uamuzi ule ulitoka kwa mtu mmoja, kwa siku moja. Uliisimamisha misururu ya magari kwenye vituo vya petroli vya Marekani na kuifanya Ulaya ibadili lugha yake kuhusu Palestina. Hakuna azimio la OIC, kabla wala baada, lililowahi kuwa na uzito huo.

Na tuseme upande wa pili. Bei ya pipa ilitoka takriban dola 3 kabla ya vita hadi dola 11.65 Januari 1974. Hilo lilikuwa jambo la OPEC nzima, Iran ikiwa mbele, si la Faisal peke yake, naye hakutaka bei ipande kwa kasi ile. Lakini mkulima wa Tanzania au wa Uganda, Mwislamu au si Mwislamu, hakuulizwa. Nchi za Kiafrika zilikuwa zimevunja uhusiano na Israel moja baada ya nyingine mwaka huo, kisha zikaletewa bili. Wakuu wa Kiarabu waliliona. Novemba 1973, Algiers, waliamua kuanzisha benki ya maendeleo kwa ajili ya Afrika, na Desemba Jeddah likatolewa tamko la kuanzisha Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Zote mbili zipo mpaka leo. Kama zililingana na hasara, wachumi wetu wa chuo watuandikie toleo lijalo.

Februari 1974 wakuu walikutana Lahore. Sijui kama Umma umewahi kuwa na siku kama zile tangu hapo. Zulfikar Ali Bhutto alikuwa mwenyeji. Faisal alikuwapo, na Sadat, Boumedienne, Gaddafi, Yasser Arafat na Idi Amin. Pakistan ilikuwa bado haijaitambua Bangladesh, iliyojitenga kwa damu nyingi mwaka 1971. Ujumbe ulitumwa Dhaka, Pakistan ikatangaza kuitambua Bangladesh tarehe 22, na Sheikh Mujibur Rahman akaletwa Lahore. Waliswali Ijumaa pamoja katika Msikiti wa Badshahi. Mambo ambayo mahakama na mabaraza ya dunia yasingeyaweza kwa miaka kumi, hofu ya kuaibika mbele ya wenzao iliyaweza kwa siku moja.

Uganda iliingia OIC mwaka huo. Na Lahore ndiko ulikopitishwa uamuzi unaotugusa sisi moja kwa moja: vianzishwe vyuo vikuu viwili vya Kiislamu Afrika, kimoja Niger kwa wanaotumia Kifaransa, kingine Uganda kwa wanaotumia Kiingereza.

Machi 25, 1975, siku ambayo kwa kalenda yetu ilikuwa Rabiul-Awwal 12, Faisal alikuwa akiwapokea wageni katika ofisi yake Riyadh. Ulikuwapo ujumbe wa mafuta wa Kuwait. Mpwa wake, Faisal bin Musaid, mtoto wa ndugu yake, aliingia pamoja nao. Mfalme aliinamisha kichwa apokewe kwa busu kama ilivyo desturi, na kijana akamfyatulia risasi. Alifariki hospitalini. Ndugu wa kijana huyo alikuwa ameuawa na askari mwaka 1965 katika ghasia za kupinga televisheni. Wengi wanasema ni kisasi, wengine wanasema mengine. Muuaji alihukumiwa, akakatwa kichwa Juni mwaka huo. Mfalme alizikwa makaburi ya al-Oud, kaburi la udongo lisilo na jengo wala jina.

Miezi saba baadaye benki ilifunguliwa Jeddah. Ilikuwa imekwisha kuwa na mkataba na mtaji, hivyo haikuhitaji mtu wa kuisukuma. Mengine yalihitaji. Sadat alikwenda Quds mwaka 1977 bila kumuuliza yeyote, na mwaka 1979 akasaini amani peke yake. Misri ikasimamishwa uanachama OIC, kisha ikarudishwa mwaka 1984. Mwaka 1980 Iraq na Iran, nchi mbili za meza moja, ziliingia vitani, na wakuu walioteuliwa kupatanisha walizunguka Baghdad na Tehran bila kusikilizwa kwa miaka minane.

Na chuo chetu? Waliokikubalia Lahore walikuwa wawili hasa, mwenye fedha na mwenye ardhi. Mwenye fedha aliuawa mwaka 1975. Mwenye ardhi alikimbia Kampala Aprili 1979 mizinga ikilia. Karatasi ya Lahore ikabaki. Serikali zikabadilika Uganda mara kadhaa, vita vikapita, na watoto wa Kiislamu waliokuwa wamefikia umri wa chuo mwaka 1974 wakawa wazazi. Walioifuatilia karatasi ile hawakuwa wakuu wa nchi. Walikuwa walimu, masheikh, watumishi wa sekretarieti ya Jeddah, watu wa kuandika barua na kungoja majibu, na majina yao wengi wetu hatuyajui. Februari 10, 1988, karibu miaka 14 baada ya Lahore, Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilifunguliwa Mbale, kikiwa na wanafunzi 80 na shahada mbili: Ualimu na Masomo ya Kiislamu.

Sekretarieti ya OIC ingali Jeddah, kwa muda.